Kofia ya darizi si mto: dhana potofu nilizochoka kuzisikia

Mteja wa tatu mwezi huu ameniomba kofia yake niijaze sponji. Kazi yangu, hapa Uingereza, ni kushonea watu wanaoigiza maisha na vita vya Ulaya ya zama za kati, na kofia ninayoisema ni ile ya tabaka za kitambaa zilizodariziwa, yaani zilizoshonwa pamoja kwa mistari, inayovaliwa chini ya kofia ya chuma, yenye kamba za kufungia kidevuni. Nimeeleza kwa mdomo mpaka basi. Sasa naandika.

"Sponji au pamba ya mito ni yaleyale, tena nyepesi na ya bei nafuu"

Si yaleyale hata kidogo. Deraya ya pete za chuma hulegea ikipigwa, kwa hiyo rungu laweza kuvunja mfupa bila pete hata moja kukatika. Kinachomwokoa mtu ni tabaka za kitambaa zilizo chini, zinazolipokea pigo na kulitawanya. Chukua sponji laini ya makochi, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vinakutana. Na pigo nalo litafika kichwani vivyo hivyo. Halafu chukua tabaka nne za blanketi zito la sufu, zilizodariziwa kwa mistari iliyoachana sentimita mbili, uzibane. Hazishuki. Zina unene mdogo kuliko sponji, lakini zimeshindiliwa, na uzi umezishika zisipate pa kukimbilia.

Tena sponji huyumbisha. Inabonyea upande huu, inainuka upande ule, kofia ya chuma inacheza kichwani na upenyo wa macho unahama. Nimemwona mtu uwanjani akipigana kwa mkono mmoja, wa pili ameishikilia kofia ili aone anakokwenda. Huyo kwangu yuko hatarini zaidi ya aliyekuja bila kofia kabisa, maana aliyekuja bila kofia haruhusiwi kuingia.

Joto je? Vita vya Tewkesbury vya mwaka 1471 huigizwa palepale Tewkesbury kila Julai, jua likiwa limewaka na watu wamevaa chuma. Poliesta, yaani ile inayoitwa pamba ya mito, hainywi jasho. Linabaki juu ya ngozi na kuteremkia machoni. Sufu inaweza kubeba maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa, na kitani hunywa haraka na kukauka haraka. Usiku unakaa kambini kando ya moto wa kuni. Cheche ikiangukia sufu, huungua kidogo na kuzimika. Poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwa sababu hii peke yake siijazi kwenye kofia ya mtu yeyote, hata akiniongezea hela.

Na wenyewe wa zamani walitumia nini? Pamba, sufu, kitani na matambara. Vazi lao la darizi la kiwiliwili liliitwa aketon, neno lililotokana na Kiarabu al-qutn, yaani pamba. Louis XI, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 15, aliagiza jaketi za askari wake ziwe na tabaka 25 hadi 30 za kitambaa pamoja na ngozi ya kulungu, na kitambaa kilichokwisha kuvaliwa kikasifiwa kuwa ndicho kizuri zaidi. Kwa hiyo shuka la zamani la kitani usilitupe. Niletee.

Wale wanaopigana kwa nguvu zote kama mchezo wana kanuni za usalama za vyama vyao, na wazifuate, hata kanuni hizo zikidai sponji maalumu. Mimi nazungumzia maigizo, ambako mapigo yamepangwa.

"Kile kikofia cheupe chembamba kinatosha"

Kile ni cha tabaka moja la kitani, cha kushika nywele na kuzuia uchafu, na watu wa kila kazi walikivaa. Katika Biblia ya picha iliyochorwa Ufaransa katikati ya karne ya 13, iliyopo leo Maktaba ya Morgan mjini New York, utakiona kwa wafanyakazi, na utaiona ile nene ya darizi kwa askari. Vaa vyote viwili, chembamba kikiwa ndani. Hicho unaweza kukifua kila siku. Ile nene ukiitia kwenye mashine ya kufulia, sufu itasinyaa na haitakuingia tena.

"Kata vipande kwa kipimo, kisha udarizi"

Darizi hula kitambaa. Kila mstari unavuta kidogo, na ukimaliza kipande kimepungua pande zote. Fua kitani kwanza kwa maji ya moto, kata kipande kikubwa kuliko kipimo kwa sentimita tatu kila upande, piga bandi tabaka zisihame, darizi kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo ukate kwa kipimo halisi. Uzi uwe wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Na kipimo kichukuliwe kofia ya chuma ikiwapo. Mtu ananitumia mzunguko wa kichwa tu, halafu analalamika haiingii!

"Matundu ya kamba yawekwe vipete vya chuma, yatadumu"

Vipete vya kugongelea ni mambo ya karne ya 19. Tundu la zama zile lilitobolewa kwa chombo chenye ncha kinachosukuma nyuzi kando bila kuzikata, kisha likazungushiwa uzi kwa sindano. Aliyekulia pwani kwetu anaijua kazi hii, kwa sababu viua, yaani vile vitundu vya kofia nyeupe za mkono, hutengenezwa hivyohivyo. Mimi nilijifunza kwa mama mdogo, barazani, kabla sijasikia habari ya deraya, na tundu la namna hiyo halichaniki, kwa kuwa nyuzi zote za kitambaa bado zipo, zimesogezwa tu. Kipete cha chuma kinataka nyuzi zikatwe. Kamba ikivutwa kwa nguvu mara chache, kinachomoka na kitambaa chake.