Karatasi ndani ya kava ya simu

Mama mmoja muuza omena wa soko la Kibuye aliingia chumba changu cha kliniki, akavua kava ya simu na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Safi kabisa, haina hata doa. "Nimeitunza vizuri, daktari." Alipewa kwenye kambi ya kupima afya bure, miezi saba nyuma. Presha 168 kwa 102. Chini yake maneno mawili: rudi kliniki.

Kliniki ipi? Siku gani? Amwone nani? Hakuna.

Mimi ni afisa wa kliniki hapa Kisumu, na wagonjwa wangu wengi ni wa presha na sukari. Tumezoea kusema kwamba watu wanapenda kupimwa ila kurudi hawataki. Nami nilikuwa nasema hivyo. Lakini mama huyu alirudi! Alienda kituo kilicho karibu na kwake siku ya Alhamisi, akaambiwa kliniki ya presha ni Jumanne peke yake. Jumanne ndiyo siku yake ya kushuka ufuoni kuchukua mzigo. Kichwa hakimuumi, kazi anafanya, ugali unashuka. Angeacha biashara afuate ugonjwa asiousikia?

Kuna jambo ambalo sisi wenyewe hatuwaelezi watu wazi pale kambini. Kipimo kile ni nusu ya kazi. Presha hupanda kwa jua, kwa kutembea haraka, kwa kahawa, kwa kumwogopa tu mtu aliyevaa koti jeupe. Ndiyo maana tunataka mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umewekwa mezani, halafu arudi siku nyingine tupime tena. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, hapo ndipo tunasema una presha. (Iliyopanda sana, au inayokuja na maumivu ya kifua au mkono kulegea, haingoji siku nyingine.) Kwa hiyo anayeambiwa "rudi" hajahukumiwa kumeza dawa. Huenda akarudi akakutwa salama.

Linganisha na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kupaka siki. Jibu linatoka papo hapo, na wengi wenye mabadiliko ya mapema wanaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Anayetibiwa kabla ya kuvaa viatu hapotei njiani.

Presha haina njia ya mkato ya namna hiyo, ila kurudi kunaweza kurahisishwa. Mwaka 2023 serikali iligawa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, yenye mashine ya presha na kipima sukari. Kipimo cha pili kinaweza kufanyika kwako, ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Muulize wa mtaa wenu.

Mimi sasa naandika siku, chumba, na jina la atakayekupokea. Kabla ya kuandika siku nauliza kwanza: ni lini huendi sokoni? Swali la sekunde kumi. Nilichukua miaka kulijua, naona haya kidogo kusema.

Mama wa Kibuye tulimpangia Jumatano. Amekuja mara tatu, na mara ya mwisho mashine ilisoma 136 kwa 84. Nilimwandikia karatasi mpya ya tarehe. Akaikunja mara nne, akavua kava, kisha akaomba nimrudishie na ile ya zamani.