Sosi ya ufuta ya Kijapani ya kuchovea steki: tunayoyasikia na yaliyo kweli

Aliyekula nyama ya ng'ombe kwenye mkahawa wa Kijapani huenda anakikumbuka kile kibakuli cha pembeni chenye sosi nzito ya rangi ya hudhurungi hafifu, tamu kidogo, chumvi kidogo, na harufu ya ufuta uliokaangwa. Wajapani huiita gomadare. Viungo vyake ni vichache na vyote vinapatikana Dar es Salaam, Mombasa au Muscat bila taabu. Kinachowakwamisha watu ni maneno wanayoyasikia kuihusu.

"Ni sosi ya kale ambayo Wajapani wamekuwa wakila nayo steki tangu enzi"

Ufuta ndio wa kale. Watawa wa Kibudha wa Japani, ambao kwa desturi hawakula nyama, wameutegemea jikoni kwa karne nyingi. Nyama ya ng'ombe ndiyo iliyochelewa. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alikataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa sehemu ya mwaka, na miiko ya dini ikaendelea kuwaweka watu mbali na ng'ombe kwa muda mrefu baada ya hapo. Mfalme Meiji alipokula nyama ya ng'ombe na habari zikatangazwa, ilikuwa tayari 1872.

Ndoa ya sosi ya ufuta na nyama ya ng'ombe ni changa zaidi. Jina shabu-shabu, yaani vipande vyembamba vya nyama vinavyopitishwa kwenye maji ya moto kisha kuchovywa, lilianza kutumiwa na mkahawa wa Suehiro wa Osaka mwaka 1952, na mapishi yenyewe yana asili ya Beijing, ambako nyama ya kondoo huliwa hivyo hivyo kwa sosi ya ufuta. Kuchoma steki kwenye bamba la chuma mbele ya mteja kulianzia mkahawa wa Misono, mjini Kobe, mwaka 1945. Kisha mwaka 1964 mkahawa wa Benihana ukafunguliwa New York, na mikahawa ya aina hiyo ndiyo iliyowazoesha Wamarekani sosi ya haradali, krimu na ufuta. Ile nyeupe ya mayonesi wanayoipenda sana huko ni jambo lao Wamarekani. Nyumbani Japani, steki mara nyingi huliwa na sosi ya soya yenye figili au kitunguu kilichokwaruzwa, au chumvi na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, tu.

Kwa hiyo ukitia haradali hujavunja mila ya mtu. Mimi huitia.

"Nunua tahini, changanya na sosi ya soya, kazi imekwisha"

Utapata kitu kinacholika, lakini ladha itakuwa ya Beirut, kwani tahini ni rojo la ufuta la Waarabu. Tahini nyingi za dukani husagwa kutokana na ufuta uliomenywa na kukaangwa kidogo, au usiokaangwa kabisa. Rojo la Kijapani, neri goma, hutoka kwenye ufuta uliokaangwa hadi ukaiva vizuri, na harufu unayoitafuta huzaliwa kwenye kikaango. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mengine yote ni kuchanganya.

Pepeta ufuta mweupe kwenye ungo utoe mchanga na makapi. Ukiuosha, uanike ukauke kabisa. Weka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, na usiache kukoroga. Baada ya dakika chache punje zitaanza kurukaruka na kuvimba kidogo. Chukua punje moja uibane kwa kidole gumba na kidole cha mwisho: ikipondeka kwa nguvu ya vidole hivyo viwili tu, imeiva. Ukingoja hadi rangi iwe ya kahawa umechelewa, uchungu umeshaingia. Mimina kwenye sahani papo hapo, kwa sababu kikaango chenye moto huendelea kukaanga hata jiko likiwa limezimwa.

Saga ungali na joto. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na joto huyasaidia kutoka. Wajapani wana suribachi, bakuli la udongo lenye mikwaruzo ndani, na mchi wa mti. Kinu kidogo cha kusagia vitunguu saumu kinafanya kazi hiyo, polepole. Blenda nayo inafaa, ila kwa ufuta kidogo visu huzunguka hewani na punje hubaki kuta za jagi. Zima, kwangua, washa tena. Usiusage ukawa laini kupita kiasi. Punje chache zilizopondeka nusu zinapendeza mdomoni.

"Lazima ufuta wa pakiti kutoka Japani"

Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouuza huko, pamoja na Nigeria na nyinginezo. Pakiti yenye maandishi ya Kijapani inaweza kuwa na punje zilizovunwa Lindi au Mtwara, zikauzwa kwa stakabadhi ghalani, zikavuka bahari, zikaoshwa, zikakaangwa na kurudi kwako kwa bei ya kukutisha. Nunua za sokoni. Wajapani walichokutangulia nacho ni usafi na ukaangaji, na hayo mawili yako mikononi mwako.

"Ikiganda ghafla, imeharibika"

Huu ndio uvumi unaomwaga sosi nyingi jalalani. Ukitia maji kidogo au sosi ya soya kwenye rojo la ufuta, halilainiki. Hukaza na kuwa kama udongo wa kufinyangia. Sababu ni kwamba rojo hilo ni chembe ngumu zilizozama kwenye mafuta, na maji machache ya kwanza hunyonywa na chembe hizo, zikashikana. Endelea kutia kijiko kimojakimoja huku ukikoroga. Ghafla litaachia, rangi itapauka na sosi italainika kama mtindi.

Kwa watu wanne natumia ufuta vijiko vitano vya chakula, sosi ya soya viwili, siki kimoja, sukari kimoja, na maji au supu isiyo na chumvi kama vijiko vitatu. Halafu kipande kidogo cha tangawizi kilichokwaruzwa, nusu punje ya kitunguu saumu, na haradali nusu kijiko cha chai. Siki ya mchele ni pole; ukiwa na siki kali ya kawaida, anza na nusu kijiko. Acha ikae nusu saa kabla ya kula. Kwenye friji nisingeipitisha siku tatu kwa sababu ya kitunguu saumu kibichi.

"Mafuta ya ufuta yanatosha badala ya punje"

Hayatoshi. Yanatoa harufu lakini hayafanyi sosi kuwa nzito. Matone machache mwishoni, basi.

"Sosi ya soya yenye rangi hafifu ina chumvi kidogo"

Ni kinyume chake. Usukuchi, ile ya rangi hafifu, huwa na chumvi nyingi kuliko koikuchi, ile nyeusi ya kawaida, ambayo nayo ina chumvi takriban asilimia 16. Ndiyo maana steki itakayochovywa humu hutiwa chumvi ya kugusia tu.

"Bila mirin si ya Kijapani"

Mirin halisi ni kinywaji cha mchele chenye kileo cha takriban asilimia 14, jambo ambalo wapishi wengi wa mtandaoni hawalitaji na msomaji Mwislamu angependa kulijua mapema. Kazi yake hapa ni utamu, na sukari iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto inaifanya bila tatizo. Soma pia chupa ya sosi ya soya: iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na kileo kidogo, na zipo zenye nembo ya halali.

"Lowekea nyama humo usiku kucha, kisha choma"

Sukari na ufuta huungua kabla nyama haijaiva. Choma nyama kwanza, ipumzishe, ikate vipande vyembamba, kisha kila mtu achovye mwenyewe.

"Ufuta haumdhuru mtu"

Unawadhuru wenye mzio nao, na wengine huzidiwa kiasi cha kushindwa kupumua. Marekani imeuweka kwenye orodha ya vyakula tisa vikuu vya mzio, na tangu Januari 2023 ni lazima utajwe kwenye lebo. Gomadare si sosi ambayo mtu anaweza kuuchambua ufuta akautoa, kwa hiyo waulize wageni kabla hujaleta mezani, na mwenye mzio mwekee chumvi na ndimu kwenye sahani yake peke yake, akatiwe nyama kwa kisu ambacho hakijagusa sosi.