Vikundi na sera za usalama kwenye Windows: yanayosemwa na yalivyo

"Nikimfuta mtumiaji nikamtengeneza upya kwa jina lilelile, kila kitu kitarudi."

Hakirudi. Windows haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba iitwayo SID, inayotolewa akaunti inapoundwa na haitolewi tena kwa mwingine. Tuseme mtumiaji huyo ni Asha: Asha mpya ana namba mpya. Folda za Asha wa kwanza bado zinamtaja yule aliyefutwa, na kwenye kichupo cha Security utaona mlolongo wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21 pahala pa jina. Msimamizi anaweza kuchukua umiliki wa folda na kugawa ruhusa upya. Faili zilizofumbwa kwa EFS, yaani mfumo wa Windows wa kufumba faili, kama ufunguo wake haukuhifadhiwa pembeni, ndiyo basi tena. Kwa hiyo mfanyakazi akiondoka, zima akaunti kwanza kwenye Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) yenye haki za msimamizi: net user asha /active:no. Kufuta hakuna haraka.

Namba hiyohiyo ndiyo inayofanya kubadilisha jina la Administrator, akaunti ya msimamizi inayokuja na Windows, kuwe kinga hafifu. SID yake huishia na 500 daima, uiite upendavyo, na ya Guest huishia na 501. Afadhali hiyo Administrator iachwe imezimwa, kama inavyokuja kwenye Windows za siku hizi.

"Nimemwingiza kwenye kikundi na bado anakataliwa, mashine ni mbovu."

Mashine ni nzima. Orodha ya vikundi vya mtu huandikwa kwenye tokeni yake, yaani kitambulisho anachopewa na Windows anapoingia, basi lazima atoke na kuingia upya. Kufunga skrini tu hakutoshi. Thibitisha kwa whoami /groups. Wengi husahau upande wa pili, wenye hatari zaidi: uliyemtoa kikundi cha Administrators saa nne asubuhi anabaki na madaraka yake hadi atakapotoka, hata ikiwa jioni.

"Toleo la Home halina vikundi."

Lina. Lisichokuwa nacho ni madirisha ya lusrmgr.msc (la watumiaji na vikundi) na secpol.msc (la sera za usalama). Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika net localgroup uvione, kisha net localgroup Administrators asha /delete kumwondoa mtu. Urefu wa nenosiri nao huwekwa hapohapo: net accounts /minpwlen:12.

Na kikundi cha Power Users? Tangu Windows Vista kimebaki jina tu, hakimzidishii mtu chochote juu ya mtumiaji wa kawaida.

"Ili wasimamizi pekee waingie, weka kikundi cha Users kwenye Deny log on locally, sera ya secpol inayokataza kuingia kwenye mashine."

Usijaribu. Ndani ya Users mna Authenticated Users, yaani kila aliyeingia kwa akaunti yake, msimamizi akiwemo, na katika haki hizi katazo hushinda ruhusa. Utajifungia nje ya mashine yako mwenyewe. Unda kikundi kipya, watie unaotaka kuwazuia, ukikataze hicho. Ujaribu kwanza kwa akaunti moja, huku dirisha lako la msimamizi likiwa bado wazi.

"Nimebadilisha secpol, kesho yake imerudi ilivyokuwa."

Kama mashine imeunganishwa na domain, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva kuu, hakuna aliyekuchezea. Sera ya mahali, yaani ya mashine yenyewe, hutumika kwanza, kisha za domain huja juu yake na kuifunika, na husomwa upya takriban kila dakika 90. Endesha gpresult /h ripoti.html kwa haki za msimamizi, ufungue faili hiyo kwenye kivinjari: kando ya kila sera pameandikwa GPO (mkusanyiko wa sera) iliyoshinda. Marekebisho yafanywe huko.