Ponografia ni nini, na kwa nini si elimu ya jinsia

Ponografia ni picha, video au maandishi yanayoonyesha ngono waziwazi kwa nia ya kumtia ashiki anayetazama. Vijiweni hapa Moshi hulisikii jina hilo. Watasema X, au pilau, na kama ni video iliyovuja ya mtu anayejulikana, koneksheni. Zamani ilibidi uvizie kibanda cha video usiku. Siku hizi bando la siku moja linatosha.

Jina halikuambii kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo ni maigizo. Kuna kamera, kuna taa, kuna anayeelekeza, na baadaye kuna anayekata vipande. Kuulizana, kukataa, kondomu, uchovu, aibu, mara nyingi havionekani kabisa.

Juzi mpwa wangu, ana miaka 14, alikuwa ananisaidia kumenya ndizi za mtori. Akauliza bila kuinua macho: "Mjomba, hivi wale hawaogopi mimba?" Kisu kikanisimama mkononi. Nikamwambia wale wanalipwa, na yaliyofanyika kabla kamera haijawashwa hukuyaona. Akafikiri kidogo. "Kumbe ni kama mieleka."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Mieleka ya kwenye TV nayo ni maigizo, miili ni ya kweli na maumivu yapo, ila hakuna anayejifunzia hapo namna ya kuishi na jirani.

Watafiti wameona kwamba vijana wanaotazama sana huelekea kuwa na mitazamo mikali kuhusu wanawake na ngono, ingawa si rahisi kujua kipi kilimtangulia mwenzake. Mimi naona tatizo kubwa ni ukimya wa nyumbani. Wachagga wa zamani walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, na mkufunzi akiwaeleza vijana mambo ya mwili na uzazi kwa kufuata alama hizo. Sisemi turudi huko. Mengine ya jando na unyago yalikuwa ya kuumiza. Lakini fimbo ile ilishikwa na mtu mzima unayeweza kumuuliza.

Elimu ya jinsia ndiyo inayopaswa kuziba pengo hilo. Wazazi wengi wakisikia neno hilo wanadhani watoto wanafundishwa kufanya ngono. Mwongozo wa UNESCO wa 2018 unazungumzia mwili, urafiki, heshima, ridhaa, na kujikinga na mimba na magonjwa, kila rika na kiasi chake. Na ushahidi uliokusanywa hauonyeshi kwamba inawaharakisha vijana kuanza ngono.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, na picha za ngono za mtoto zina kifungu chake. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo anayerusha video ya mwanafunzi mwenzake kwenye grupu la darasa hafanyi utani.

Mtori ulipoiva mpwa wangu alikuwa na maswali mengine matatu. Mawili nilimjibu. La tatu tulilipeleka kwa mama yake, ambaye ni muuguzi, naye akavuta kigoda akakaa.