Rameswaram kwa siku mbili: ratiba ni ya hekalu, si yako

Wengi wanaoniulizia Rameswaram tayari wako India. Wamekwenda Chennai kuuguza mgonjwa, au kumtembelea mtoto aliye chuoni, na daktari kawaambia majibu ya vipimo yatachukua siku nne. Kukaa chumbani kumewachosha. Wanafungua ramani, wanakiona kisiwa cha Pamban kule mwisho kabisa wa Tamil Nadu, karibu kugusa Sri Lanka, kisha ujumbe unanifikia: ndugu, tunaweza kwenda na kurudi siku moja?

Kwa hesabu za karatasi, ndiyo. Ni kilomita mia tano na kitu, treni za usiku zipo, unafika alfajiri na jioni unageuza. Lakini kazi yangu ni kupangia watu safari za India kusini, na ratiba hiyo siiuzi. Tatizo si umbali. Tatizo ni kwamba hekalu la Ramanathaswamy, ambalo ndilo linaloendesha mji mzima, hufungwa mchana. Hufunguliwa kama saa kumi na moja alfajiri, hufungwa saa saba mchana, hufunguliwa tena saa tisa na kuendelea hadi kwenye saa tatu usiku. Siku za sikukuu saa hizo hubadilika. Sasa mtu ameshuka kwenye treni na uchovu wake, ametafuta chai, ametafuta pa kuoga, anafika mlangoni saa nne asubuhi wakati foleni imeshajaa. Saa saba anajikuta nje, juani, na mji wenyewe umepumzika. Akisubiri saa tisa, Dhanushkodi, mji wa magofu kwenye ncha ya kisiwa, hauwahi tena. Akienda Dhanushkodi, hekalu ameliona kwa nje tu.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi: usiku mmoja kwenye treni ya kwenda, usiku mmoja mjini, usiku mmoja kwenye treni ya kurudi. Siku ya kwanza unaitoa kwa bahari na barabara. Hekalu unaliwekea alfajiri ya siku ya pili, ukiwa umelala vizuri, umeoga, na simu umeiacha chumbani. Simu haziruhusiwi ndani. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Madras (ndilo jina la zamani la Chennai) iliagiza zipigwe marufuku katika mahekalu ya Tamil Nadu, na hapa wanakagua kweli. Usijaribu kuificha kwenye mkoba wa mama.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu hekalu hili watu hawaji kuliona tu, wanakuja kuoga. Mahujaji huanzia baharini, ufuo wa mashariki unaoitwa Agni Theertham, wakizama na nguo zao kabla jua halijachomoza. Kutoka hapo huingia hekaluni wakichuruzika maji, na mle ndani kuna visima 22. Kwenye kisima amesimama kijana, miguu ukingoni, ndoo ya bati mwisho wa kamba. Anaitumbukiza, anaivuta kwa mapigo mawili matatu, anammwagia wa mbele kichwani, kisha wa nyuma yake, na kabla hujapangusa macho familia yako yote imeshakimbilia kisima kinachofuata. Watu wanacheka, watoto wanalia, mabibi wanashikana mikono wasiteleze. Maji ya kisima kimoja ni baridi kuliko ya jirani yake, na wenyewe wanakwambia hata ladha ni tofauti, ingawa bahari iko hatua chache tu.

Tiketi ya visima hununuliwa dirishani. Nje utakutana na madalali wanaouza huduma ya haraka kwa bei ya kuumiza. Waambie hapana, tembea. Chukua nguo kavu za kubadilisha, kwa kuwa kwenye patakatifu haruhusiwi mtu aliyelowa. Na hapa nisikilizeni mnaouguza: sakafu ni ya mawe na inateleza kama sabuni. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au mwenye kidonda kibichi, asiingie kwenye zoezi la visima hata akisema anajisikia vizuri. Mwacheni aone ukumbi.

Ukumbi wenyewe unamtosha mtu. Ujia wa nje unalizunguka hekalu lote, karibu mita 200 kwa upande mrefu, na mara nyingi hutajwa kuwa ujia wa hekalu mrefu kuliko yote duniani. Ulijengwa karne ya 18 na watawala wa Ramanathapuram, walioitwa Setupathi, na nguzo zinazohesabiwa ni 1,212. Simama pembeni utazame safu moja tu: nguzo zimepangwa juu ya jukwaa la mawe, zimechongwa na kupakwa rangi, zinakwenda zikipungua hadi jicho linashindwa kuona mwisho.

Asiye Mhindu (nazungumzia dini, si uraia) anaingia hadi kwenye kumbi hizo, lakini chumba cha ndani ni cha waumini. Msibishane na mlinzi. Mavazi ni ya heshima: wanaume shuka jeupe la kufunga kiunoni, wenyewe huliita veshti, au suruali ndefu, akina mama sari, kanzu na suruali ya Kihindi, au dera pana na mtandio. Kaptura iacheni Chennai.

Inafaa kujua kisa kabla hujaenda, maana bila kisa utaona mawe tu. Kwa mapokeo yanayofuata Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu, shujaa wake Rama anarudi kutoka Lanka alikomuua mfalme Ravana, na anataka kumwabudu mungu Shiva hapa ili atakasike. Anamtuma Hanuman, nyani mtumishi wake, hadi mlima Kailash, kaskazini kabisa, akalete linga, ile nguzo ya mawe inayomwakilisha Shiva. Hanuman anachelewa, saa njema inakaribia kupita, basi Sita, mke wa Rama, anaifinyanga linga ya mchanga. Hanuman anafika na ya kwake, anakuta kazi imeshafanyika, anahuzunika. Rama anamfariji kwa kuamuru kwamba ile aliyoileta yeye iabudiwe kwanza siku zote. Hadi leo zote mbili zimo, na utaratibu ni huo. Kwa Wahindu hii ni mojawapo ya safari nne kuu za hija, pamoja na Puri, Dwarka na Badrinath, ndiyo maana utasikia Kihindi cha kaskazini mitaani karibu sawa na Kitamil.

Sasa siku ya kwanza. Ukishaingia chumbani na kupumzika, chukua bajaji au basi hadi Dhanushkodi, yapata kilomita 20 kusini-mashariki. Bajaji patana kabla ya kupanda, kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri. Nenda asubuhi, polisi hawataki watu kule giza linapoingia, na jua la saa saba pale halina pa kujificha. Huu ulikuwa mji wa bandari na reli. Abiria walishuka kwenye treni ya Boat Mail kutoka Madras, wakapanda meli hadi Talaimannar, Sri Lanka, yapata kilomita 30 tu ng'ambo. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Desemba 1964 kimbunga kiliufagia. Treni ya abiria iliyokuwa inakaribia kituo ilizolewa na mawimbi na watu wake, zaidi ya 100. Serikali ikautangaza mji kuwa haufai kukaliwa na binadamu. Wavuvi wachache walirudi na vibanda vyao, lakini mji haukurudi.

Kilichobaki ni kuta za kanisa, mabaki ya kituo cha reli, na matangi ya maji. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mtu wa Lamu au Kilwa atayatambua mawe hayo kabla hajaambiwa. Mbele zaidi, lami inaishia Arichal Munai, ncha ya mchanga yenye bahari pande zote mbili. Barabara hiyo ilifunguliwa rasmi 2017; kabla yake ilikuwa jeep za kukodi kwenye mchanga. Msiogelee. Mikondo pale ni mikali, na sioni sababu ya kubishana na bahari iliyomeza treni.

Ukirudi, pitia kumbukumbu ya A. P. J. Abdul Kalam pale Pei Karumbu. Huyu mwanasayansi wa makombora, aliyekuwa rais wa India 2002 hadi 2007, alizaliwa Rameswaram mwaka 1931 katika familia ya Kiislamu, na baba yake alikuwa na mashua ya kuvusha mahujaji wa Kihindu. Nyumba ya familia bado iko mjini, kwenye mtaa wa msikiti, na ndani yake kuna makumbusho madogo. Wateja wangu Waislamu huniuliza kama watakuwa wageni wa kutazamwa kwenye mji wa namna hii. Hawatakuwa. Chakula tu ndicho cha kuzoea: jirani na hekalu ni mboga mtupu, yaani idli, dosa, wali juu ya jani la mgomba na mchuzi wa dengu, kahawa ya maziwa yenye povu. Kwa asubuhi ya kuamka saa kumi hakuna kinachokaa tumboni vizuri kuliko idli.

Kuhusu malazi, kuna kitu kimoja kinachowakwamisha Waafrika kuliko bei. Kila anayempokea mgeni wa nje anatakiwa kumwandikisha serikalini ndani ya saa 24, kwa kile kilichozoeleka kuitwa Fomu C. Nyumba ndogo za mahujaji nyingi hazina mpango huo, na mtu anaweza kukataliwa mapokezini saa kumi na moja alfajiri akiwa na mizigo na watoto. Piga simu kabla, uliza waziwazi kama wanapokea pasipoti za kigeni, na beba nakala za pasipoti na viza. Beba pia noti ndogondogo, maana malipo mengi ni ya simu na mfumo wao unategemea benki ya kwao.

Treni ndiyo ya kushughulikia mapema kuliko vyote. Daraja jipya la reli la Pamban lilizinduliwa 6 Aprili 2025, likiwa na kipande cha katikati kinachonyanyuka wima kupisha vyombo. Lile la mwaka 1914 lilikuwa limesimamishwa tangu Desemba 2022, na treni zikawa zinaishia Mandapam, upande wa bara; sasa zinavuka tena, kwa hiyo msiwasikilize wanaowaambia mshuke Mandapam mpande basi. Tazama kwenye tiketi kama treni inaanzia Egmore au Tambaram, ni vituo viwili vya Chennai vilivyoachana sana. Daraja mtalivuka gizani. Anayetaka kuliona alitazame mchana kutoka daraja la barabara, ambalo liko juu zaidi. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na za dakika za mwisho, Tatkal, hufunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi ya India kwa mabehewa ya kiyoyozi. Tangu Julai 2025 Tatkal za mtandaoni zinahitaji akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, namba ya utambulisho ya India, kwa hiyo msimtegemee mtu wa nyumbani awakatie. Tiketi iliyoandikwa WL, yaani bado uko kwenye orodha ya kusubiri, si tiketi ya kusafiria. Siku za mwezi mwandamo, Maha Shivaratri (sikukuu kuu ya Shiva) na wikendi ndefu epukeni kabisa. Oktoba hadi Desemba ni mvua na vimbunga, na kuanzia Aprili joto halifai kwa mgonjwa. Januari katikati ya wiki, mkipata, shikeni hapohapo, na kateni tiketi ya kurudi kabla ya ile ya kwenda.