Mbuta Haishii kwenye Mnofu

Chukua mbuta (sangara) wa kilo 10 aliyeshushwa asubuhi pale Dunga, Kisumu. Akishachunwa ngozi na kukatwa minofu, mizani itasoma kama kilo 4, na mara nyingine hazifiki. Zilizobaki ni kichwa, mgongo, ngozi, mafuta, kibofu cha hewa na matumbo. Zote zimekwisha kulipiwa: petroli ya mashine, barafu, na usiku mzima wa wavuvi majini.

Vikundi ninavyovifundisha usindikaji huniuliza samaki zaidi watapatikana wapi. Mimi huwaomba tuanze na ndoo ya taka.

Akina mama wa Obunga, mtaa wa Kisumu, walilijua hili kabla yetu sisi wataalamu. Viwanda vilipokata minofu ya kuuza ng'ambo, wao walinunua mifupa, wakaikaanga, na mgongo wazi ukawa kitoweo cha nyumba nyingi mjini. Vibofu navyo hukaushwa na kupelekwa Uchina, na bei yake ni nzuri kiasi kwamba havitupwi tena. Ngozi ya mbuta ni imara kuliko wembamba wake unavyoonyesha, kwa kuwa nyuzi zake zimepishana. Ikikwanguliwa, ikalainishwa kwa chokaa na kuivishwa kwa tanini, dawa ya ngozi itokanayo na gome la mwati, hushonwa viatu na mikoba. Ila kazi hiyo hutaka maji mengi na mahali halali pa kumwaga machafu yake, kwa hiyo siipendekezi kwa kikundi kichanga.

Kinachonisikitisha ni matumbo. Hutupwa mtaroni yakavuta nzi, au hurudi ziwani yakiwa uozo, ilhali kule Muhoroni na Chemelil, kwenye ukanda wa miwa, kuna molasi, shira nzito inayobaki sukari ikishatolewa, inayoweza kusaidia kuyageuza chakula cha mifugo.

Saga matumbo yangali mabichi. Kila kilo 100 changanya na kilo 10 hadi 15 za molasi, kisha tia maziwa lala kidogo ili kuleta bakteria wa kuchachusha. Tumia pipa la plastiki, kwani asidi itakula chuma, na ukoroge kila siku. Vimeng'enya vya matumbo yenyewe vitayayeyusha yawe uji. Uchachu ndio unaozuia uozo, basi pima kwa karatasi ya pH: isiposhuka chini ya 4.5 baada ya siku chache, au ukisikia harufu ya mzoga, usimlishe mnyama yeyote. Uji uliofaulu huchanganywa na pumba za mahindi, ukaanikwa, ukawa protini ya kuku na nguruwe. Usizidishe kipimo, na uache kuwalisha siku za mwisho kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itanuka samaki.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, nao hupotea kwa sababu ndogo mno: huanikwa mchangani, mvua ikanyesha. Chanja ya miti na wavu, iliyoinuliwa hadi kiunoni, hupitisha hewa chini na juu, na omena wasio na mchanga huuzwa kama chakula cha watu badala ya kuishia kwenye chakula cha mifugo.

Anayetaka kuanza asikimbilie mashine. Aende ufuoni wiki nzima na mizani, apime matumbo yanayotupwa kila siku, kisha amuulize mfugaji jirani ananunua kilo ya chakula cha kuku kwa shilingi ngapi. Na ndoo akaziweke kivulini mapema, maana matumbo yaliyokaa juani hadi saa nane hayafai tena hata kwa pipa.