The Prisoner: tamthilia ya kijasusi isiyo na haraka ya kueleweka

Mtu akikuambia The Prisoner ni tamthilia ya kijasusi, hajakudanganya, ila amekupa nusu tu. Jasusi yumo kweli. Anaacha kazi kwa hasira, anarudi nyumbani kwake London kufungasha, na gesi inapulizwa kupitia tundu la ufunguo. Akizinduka na kuchungulia dirishani, London haipo. Yuko Kijijini.

Kijiji chenyewe kinapendeza hadi kinatia shaka: nyumba za rangi rangi, bendi ya matarumbeta, wakazi wachangamfu. Ila hakuna mwenye jina. Yeye ni Namba Sita. Mkuu wa hapo ni Namba Mbili, ambaye karibu kila sehemu ni mtu mpya, na kazi yake ni kumfanya Sita aseme kwa nini alijiuzulu. Wanajaribu dawa, wanaingilia ndoto zake, wanamfanya agombee uchaguzi wa kiini macho, hata wanamletea mtu anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Akitoroka, puto kubwa jeupe linaibuka kutoka baharini, linanguruma na kumfunika uso. Ndiyo, puto. Kwenye maelezo linachekesha. Kwenye skrini halichekeshi. Na watu wa pale wakiagana husema "tutaonana", neno jema kabisa, mpaka ukumbuke kwamba kila kona ina kamera.

Ilirushwa Uingereza na ITV kuanzia Septemba 1967 hadi Februari 1968, sehemu 17 tu. Mandhari ya Kijiji ni Portmeirion, huko Wales, mahali ambapo mbunifu wa majengo Clough Williams-Ellis alianza kupajenga mwaka 1925. Aliyekuwa roho ya kazi hiyo ni Patrick McGoohan, aliyeigiza, akaisimamia, akaandika na kuongoza baadhi ya sehemu. Watazamaji walishamzoea kama jasusi wa Danger Man, kwa hiyo walisubiri majibu ya kijasusi: nani adui, upande gani, siri gani. Hawakupewa. Kuchukua silaha na magari ya hadithi za kijasusi, kisha kuyafuatisha mantiki ya ndoto, ndiko kunakoitofautisha na nyingine.

Swali kubwa linaulizwa mwanzoni mwa sehemu nyingi: "Namba Moja ni nani?" Jibu la Kiingereza linasikika vilevile kwa maana mbili, na mashabiki hubishania koma moja mpaka leo. Sisi lugha yetu ingetulazimisha kuchagua: "Wewe ni Namba Sita", au "Ni wewe, Namba Sita". Mfasiri angekuwa ameshatoboa siri kabla hadithi haijaanza. (Asiyetaka kutobolewa aruke mstari ufuatao.) Sehemu ya mwisho, Sita anamvua Namba Moja barakoa, chini yake kuna barakoa ya nyani, na chini ya hiyo kuna sura ya Sita mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Watazamaji wengi wa 1968 walikasirika.

Anza na sehemu ya kwanza. Za katikati hata mashabiki hawakubaliani zifuatane vipi, kwa hiyo usijisumbue. Mbili za mwisho zitazame mfululizo, na Sita akisharudi London, angalia mlango wa nyumba yake unavyojifungua wenyewe, kama milango ya Kijijini.